Majibu Yaliyoisha Muda

Kufikia saa moja asubuhi fundi alikuwa ameshafungua mdomo mara nne. Mara ya kwanza kwa muuguzi wa zamu ya usiku, mara ya pili kwa muuguzi aliyepokea zamu, na mara mbili kwa wanafunzi wa udaktari, ambao kila mmoja alisimamisha vidole vyake kati ya meno ya juu na ya chini ili kupima nafasi iliyobaki. Kidole kimoja kiliingia. Cha pili kiligoma kwenye ukucha. Mwanafunzi wa mwisho, binti mwenye kalamu tatu mfukoni, aliandika "kimoja na nusu", akashukuru, akaenda zake.

Miezi mitatu kabla ya hapo vilikuwa vinaingia vitatu.

Fundi alikaa ukingoni mwa kitanda namba kumi na moja, amevaa gauni la upasuaji linalofungwa mgongoni kwa kamba mbili, na moja ilikuwa imekatika. Mguu wake wa kulia ulikuwa umechorwa mistari ya wino wa zambarau kuanzia chini ya goti mpaka juu kidogo ya kifundo. Aliambiwa asile wala kunywa tangu jana jioni, na hakuwa amekula wala kunywa. Saa tatu angeingizwa chumba cha upasuaji.

Pembeni yake, kwenye stuli, alikaa shemeji yake, mdogo wa marehemu mkewe. Alikuwa mfagiaji wa shule, ameomba ruhusa ya siku mbili kwa mwalimu mkuu na kupewa moja. Alikuwa na maneno ya kutosha watu wawili. Kwa miaka ishirini jambo hilo lilimkera fundi, na mwaka huu lilimfaa, kwa kuwa maneno yake mwenyewe yalikuwa yakitoka yamekatikakatika kama ya mtu anayeongea huku ameuma kijiko.

"Shemeji, ukitoka nje na gauni hilo watasema bibi harusi amekimbiwa," alisema.

Fundi akacheka kwa pua. Kucheka kwa mdomo kulimuuma.

Kazi yake ilikuwa makochi. Alikuwa anavua vitambaa vilivyochakaa, anabadilisha sponji, anakaza springi, na kuvika upya. Katika kazi hiyo mkono wa kushoto huvuta kitambaa kikaze na wa kulia hushika nyundo, kwa hiyo misumari midogo haina pa kukaa ila mdomoni, na ulimi ndio unaoitoa mmoja mmoja, kichwa mbele. Fundi aliweka misumari shavu la kushoto kwa miaka thelathini na moja. Kidonda kilipotokea kwenye ufizi wa chini, upande huohuo, hakupoteza muda kutafuta mchawi. Aliona ni msumari umechoma. Akahamishia misumari shavu la kulia, akasukutua kwa maji ya chumvi, akasubiri kipone.

Kuuzoesha ulimi upande mwingine kulimchukua miezi miwili. Alijigonga vidole kama mwanagenzi, na wenzake karakanani wakamcheka mpaka wakachoka. Kidonda hakikupona. Jino la karibu likaanza kucheza, akaenda kung'olewa, na shimo la jino likakataa kuziba. Kisha mdomo wa chini ukafa ganzi upande mmoja, uji ukawa unamchuruzika kidevuni asijue mpaka mtu amwambie. Hapo ndipo shemeji alipomkamata mkono na kumleta hospitali.

Daktari wa taya alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Alimsikiliza habari ya misumari mpaka mwisho, kisha akamuuliza kama anatumia tumbaku.

"Ya kuweka mdomoni," fundi alijibu. "Kidogo."

"Upande gani?"

Tumbaku alikuwa anaiweka kushoto. Alikuwa ameitoa misumari kushoto na kuiacha tumbaku palepale. Tena aliiongeza, maana ilikuwa inatuliza maumivu. Alipomjibu daktari aliona aibu kuliko hofu. Mtu mzima, fundi wa kuaminika, amefukuza asiye na kosa na kumkaribisha mwenye kosa kiti.

Lakini siku hiyo alimpenda yule daktari, kwa sababu alimweleza kazi kama fundi anavyomweleza fundi. Sehemu ya taya iliyoliwa na saratani ingekatwa, na kidogo ya iliyo nzima ili kuwa na uhakika. Pengo lingejazwa kwa mfupa mwembamba wa mguuni, ule unaokaa kando ya muundi, ambao mtu anaweza kutembea bila sehemu yake kubwa. Mfupa ungetolewa pamoja na mshipa wake wa damu na kipande cha ngozi, ukakatwa pembe mbili ufuate mkunjo wa kidevu, ukafungwa kwa bamba la chuma, na mshipa ukaunganishwa na mishipa ya shingoni. Fundi alielewa vizuri kabisa. Kochi likivunjika mkono wa mbele, unatoa mbao chini ya kalio, mahali pasipoonekana, unatengenezea mkono.

Daktari alikuwa amekata karatasi ya kipimo cha ile ngozi. Fundi aliichukua, akaigeuzageuza, akaomba kalamu. Akachora mstari wa pili nje ya mstari wa daktari.

"Hujaacha nafasi ya kushonea," alisema.

Daktari alimtazama, akaitazama karatasi, akaiweka ndani ya faili. Wiki iliyofuata alimwambia kwamba mgeni ametumiwa picha yake na amesema fundi yuko sahihi. Mgeni ndiye daktari wa kuunganisha mishipa. Alikuja mara mbili kwa mwaka, wiki moja kila safari, na hadubini yake ya kuonea mishipa ndani ya sanduku la bati. Wiki hii ilikuwa inaisha leo.

Saa mbili kasorobo muuguzi mkuu wa wodi alifika kitandani akiwa na faili mkononi.

"Mzee, faili lako limerudishwa na ofisi ya orodha ya upasuaji," alisema. "Hawajaligongea muhuri. Nendeni mkamwone karani, chumba namba nne, chini."

"Na hili gauni?" aliuliza shemeji.

"Mfungie shuka juu."

Karani wa orodha ya upasuaji alikuwa mtu wa makamo, nadhifu, mwenye kofia ya mpira kwenye kidole gumba kwa ajili ya kufunulia karatasi. Aliwakaribisha viti na kuwasalimia vizuri. Fundi aliona kwamba kiti cha karani mwenyewe kilikuwa kimekwisha sponji, na karani alikuwa amekalia magazeti.

"Tatizo ni dogo," alisema karani. "Majibu ya kipimo cha nyama yana siku tisini na saba tangu kipande kichukuliwe. Kanuni inasema yasizidi tisini. Yameisha muda."

Shemeji alisogea mbele. "Kwa hiyo saratani imeisha muda?"

"Saratani haijaisha muda, mama. Karatasi ndiyo imeisha muda."

"Basi tibuni saratani. Karatasi tutaiacha nyumbani."

Karani alitabasamu kidogo, kwa adabu. Alikuwa ameshasikia makali zaidi ya hayo. "Daktari wa usingizi hapokei mgonjwa ambaye faili lake halina muhuri wangu. Na mimi sigongi muhuri kwenye majibu yaliyoisha muda. Sikuitunga mimi hiyo kanuni."

"Sasa nikuhesabie, kaka," alisema shemeji, akakunjua vidole. "Siku ishirini na moja, majibu yalikaa maabara. Siku thelathini na nane tulisubiri picha, mashine yenu mbovu. Siku kumi na nne, wa kung'oa meno mabovu yuko likizo. Siku ishirini na nne, tunamsubiri mgeni. Jumlisha."

Karani alijumlisha kwa macho. "Tisini na saba," alisema. "Hesabu yako ni sahihi."

"Hizo siku mmekaa nazo nyinyi. Sisi tulikuwa tunakuja tu na kurudi."

"Ni kweli. Lakini hakuna mahali pa kuandika hivyo."

Fundi aliinua mkono. Maneno matatu yalimchukua muda. "Tufanye nini sasa?"

Karani alionekana kufurahi kuulizwa swali lenye jibu. Kipande cha nyama, alieleza, bado kiko maabara, kimehifadhiwa ndani ya nta. Mtaalamu angeweza kukisoma upya leoleo na kutoa majibu yenye tarehe ya leo. Ilihitajika fomu ya kuomba usomaji upya, na saini ya daktari bingwa. Saini ya mwanafunzi haikubaliki. Akafungua droo, akatoa fomu, akaijaza mwenyewe kwa mwandiko mzuri, akawapa. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lilimkata fundi maini zaidi, kwa sababu hapakuwa na wa kumkasirikia.

Walisimama mlango wa chumba cha upasuaji mpaka saa tatu na dakika tano, daktari wa taya alipotoka mwenyewe, barakoa imeshushwa kidevuni, kumtafuta mgonjwa wake.

"Mbona uko huku?"

Shemeji alimweleza. Daktari alisikiliza, na fundi akaona ngozi ya shingo yake inabadilika rangi. Akaipokea fomu, akaitia saini ukutani.

"Kazi yako itachukua saa kumi nzima," alimwambia fundi. "Mgeni ana safari alfajiri, na hawezi kuacha mishipa ambayo hajaiona ikipitisha damu kwa saa kadhaa. Nitakushikia nafasi mpaka saa tano kamili. Ikipita hapo itabidi niingize wa akiba, binti wa kitanda namba tatu. Umenielewa?"

Fundi aliitikia kwa kichwa. Alielewa.

Maabara ilikuwa ng'ambo ya uwanja wa maegesho, na walikwenda kwa mwendo wa haraka, fundi akishika shuka kiunoni. Wenye magari waliwapisha. Saa tatu na robo fomu ilikuwa dirishani. Saa tatu na nusu bado ilikuwa dirishani, maana wa dirishani alikuwa amekwenda kutafuta wino wa kuchapishia. Saa nne kasoro dakika tano mtaalamu, mzee mwenye miwani mbili, moja usoni na moja kichwani, aliwaita ndani.

Alikuwa na kibonge cha nta kidogo kama kipande cha sabuni ya hotelini, na vioo viwili. Aliweka kioo kimoja chini ya hadubini, akatazama kwa muda usiozidi dakika moja.

"Saratani haichachi ndani ya nta," alisema. "Ilikuwa saratani siku ile na ni saratani leo. Nitaandika yaleyale, nibadilishe tarehe." Kisha akamtazama fundi. "Unataka kuiona?"

Fundi aliinama. Aliona uwanja wa waridi na zambarau, na katikati viduara vilivyojizungusha, tabaka juu ya tabaka, kama kitunguu kilichokatwa.

"Hivyo viduara tunaviita lulu," alisema mzee. "Ni seli za ngozi ya mdomo. Zinajaribu kufanya kazi yao ya zamani, ya kutengeneza ngozi ngumu, lakini mahali si pake. Zimeshuka chini, zinaingia kwenye nyama na mfupa, na hazijui kuacha."

Fundi alitazama muda mrefu kuliko alivyokusudia. Kazi mbaya anaijua mtu yeyote wa kazi. Hii ilikuwa kazi mbaya iliyofanywa kwa bidii, na ilimtia hofu kuliko picha zote alizoonyeshwa.

Saa nne na dakika kumi majibu yalikuwa yameandikwa na kutiwa saini. Ulibaki muhuri. Muhuri ulikuwa ndani ya droo, droo ilikuwa imefungwa, na ufunguo ulikuwa kwa katibu wa maabara, ambaye alikuwa mkutanoni.

"Mkutano gani?" aliuliza shemeji.

Wa dirishani aliangalia karatasi iliyobandikwa nyuma yake. "Wa kupunguza muda wa wagonjwa kusubiri."

Shemeji alicheka, kisha akaacha ghafla. Akaenda mwenyewe hadi chumba cha mkutano, na mlinzi akamwambia asubiri nje. Alisubiri dakika kumi. Alipoona mlinzi ameinama kufunga kiatu, aliingia, akasimama mbele ya watu wapatao thelathini waliokuwa wakitazama michoro ukutani, akauliza nani ana ufunguo wa muhuri. Walimtoa nje kwa heshima. Katibu alikuja baada ya kipengele chake kumalizika, saa tano kasoro dakika tatu.

Walipofika mlango wa upasuaji ilikuwa saa tano na dakika tisa. Kitanda chenye magurudumu kilikuwa kinaingia. Juu yake alilala binti wa kitanda namba tatu, msichana wa miaka kumi na tisa au ishirini, taya limemvimba kama amefumbata embe shavuni. Uvimbe wake haukuwa saratani. Ulikua polepole, na ulikuwa umeshamsubiri mgeni mara mbili. Mama yake alitembea kando akimshika mkono mpaka mstari mwekundu wa sakafuni, akasimama hapo.

Fundi aliwatazama. Hakumwonea yule binti huruma. Alitamani atapike, au apandishe homa, au akutwe amekunywa maji. Milango ikafungwa, na yule mama akageuka na kumpa shikamoo. Fundi aliitikia kwa taabu, na haya zikamjaa.

Karani alipokea majibu mapya, akayalinganisha na ya zamani neno kwa neno, akagonga muhuri.

"Sasa liko sawa kabisa," alisema. "Haya ni mazuri mpaka siku tisini zijazo."

"Na mgeni anarudi lini?" aliuliza shemeji.

Karani alifunua kalenda. "Baada ya miezi sita."

Hakuna aliyejumlisha.

Saa nane daktari wa taya alimwacha mgeni chumbani na mfupa wa binti, akaja wodini kwa robo saa. Alikaa kitandani, jambo ambalo madaktari hawafanyi. Alisema pole, kisha akasema yaliyobaki.

"Miezi sita huwezi kungoja. Picha inaonyesha uvimbe uko sentimita moja kutoka mahali ambapo sitaweza tena kuukata. Jumanne naweza kuutoa mimi. Kuutoa tu. Taya la kushoto lote, mpaka karibu na kidevu."

"Na mfupa?" fundi aliuliza.

"Mishipa yake ni myembamba kama njiti ya kiberiti. Nimeunganisha mara sita chini ya usimamizi, na mara mbili mfupa ulikufa. Hata ningejaribu, hadubini ni ya mgeni, anaondoka nayo. Kidevu kitavutwa upande. Kutafuna hakutakuwepo. Utakula vitu vya kusagwa. Mazungumzo yatakuwa magumu kwa watu wasiokuzoea." Alitazama mikono yake. "Halafu mionzi. Baada ya mionzi mishipa ya shingo inakuwa migumu, kujenga upya ni bahati nasibu. Sitaki kukudanganya."

Shemeji alikuwa amegeukia ukuta.

Fundi alifikiri muda mfupi. Alikuwa ameshavua makochi mengi na kukuta mbao imeliwa mpaka ndani. "Kata," alisema.

Kabla ya saa tisa karani alipanda mwenyewe mpaka wodini, kuwapunguzia ngazi, alisema. Alikuja na karatasi ya kuahirisha. Bila karatasi hiyo kusainiwa, jina halihamishwi kwenye orodha ya Jumanne. Shemeji aliisoma kwa sauti ili fundi asikie.

"Sababu ya kuahirishwa: mgonjwa hakuwa tayari."

Akairudia kimoyomoyo, midomo ikicheza. "Kaka, huyu mtu alikuwa tayari tangu saa moja. Ameshinda njaa. Amekimbia uwanjani amejifunga shuka."

"Kuna sababu nne za kuchagua," alisema karani, akamwonyesha kwa kalamu. "Mgonjwa hakuwa tayari. Mgonjwa hakufika. Mgonjwa amekataa. Mgonjwa amefariki. Nimechagua iliyo nyepesi."

"Weka ya tano."

"Hakuna ya tano, mama."

Shemeji alitaka kuendelea, na angeweza kuendelea mpaka jua lizame. Fundi alinyoosha mkono.

"Kalamu," alisema.

Akatia saini, akaandika tarehe, akamrudishia karani kalamu yake. Karani alimshukuru na kumtakia heri ya Jumanne, na kwa jinsi alivyosema ilionekana anamaanisha.

Muuguzi mkuu aliwaambia kwamba sasa mzee anaweza kula, na kwamba kitanda kinahitajika saa kumi, kuna mtu anakuja kutoka mapokezi. Arudi Jumatatu jioni. Shemeji alishuka kwenda dukani kununua maziwa ya pakiti na mrija, kama ilivyokuwa desturi yao ya miezi hii. Fundi alimwita akiwa mlangoni.

"Mkate," alisema. "Wenye ganda."

Shemeji alimtazama, akaenda.

Fundi alivaa suruali na shati lake, akakunja gauni vizuri, akaliweka juu ya mto. Mkate ulipofika aliushika kwa mikono miwili na kuunusa. Aliukata vipande vyembamba vya kupenya kwenye nafasi ya kidole kimoja na nusu, akapitisha kipande cha kwanza upande wa kulia, upande wa misumari, akafunga mdomo. Taya likaanza kwenda. Upande mmoja uliuma sana, upande mwingine ulifanya kazi yake. Alisikia ganda likivunjika, kisha likilainika, kisha utamu mdogo unaokuja mwishoni kwa mtu asiye na haraka. Akameza. Akachukua kingine.

Saa kumi kasoro dakika kumi muuguzi alikuja na shuka safi. Saa kumi alikuja tena, na nyuma yake mhudumu na mgonjwa kwenye kiti cha magurudumu. Mkate ulikuwa umebaki nusu.

"Mama, muda umefika," alimwambia shemeji. "Mwambie mzee amalizie nje, kwenye benchi."

Shemeji alivuta stuli yake, akaiweka kati ya muuguzi na kitanda, akakaa.

"Mtasubiri," alisema. "Anatafuna."